Nilimtuma Rafiki Akaniagie

Nina miaka sitini na mitano, sina mke, na ninaishi peke yangu katika nyumba aliyoiacha baba kando ya ziwa Rwakajunju. Wasomaji wenzangu, sikuzaliwa mpweke...

Baba alikuwa mtu wa pwani. Alikuja Karagwe kuuza chumvi, shanga na kaniki, akaoa Mnyambo, akabaki. Watoto wenzangu waliniita mgeni, ingawa nilizaliwa hapa hapa na Kinyambo ndiyo lugha niliyoanza nayo. Siku niliyopewa kafi katika mtumbwi wa upande wetu, neno hilo likakoma.

Kila baada ya mavuno tulishindana na watu wa ng'ambo. Hakuna aliyelipwa. Tulishindania jina tu, na jina lilitutosha! Mkuu wetu, Mzee Bitegeko, aliniweka kiti cha nyuma, cha yule anayeuongoza mtumbwi. Mbele yangu alikaa Katabazi. Mimi na yeye tulikuwa tumekula buni pamoja, punje ya kahawa iliyopakwa damu zetu, tukawa ndugu. Baba alinuna siku ile, kwani kwetu Waislamu damu ni haramu. Lakini mimi, mtoto wa pekee, nilikuwa nimepata ndugu. Ningetaka nini zaidi?

Mwaka mmoja Katabazi akaanza kuniambia kwamba watu wa ng'ambo wanatutaka. Wamechonga mtumbwi mpya, mwepesi, na Mzee wetu amechoka, hatutashinda tena. Tuhame wote wawili. Nilisita sana. Nilipokubali, nikamwambia kwamba lazima kwanza twende kumuaga Mzee.

Katabazi akanishika bega. "Wewe una haya, utalia mbele yake. Tangulia, mimi nitatuagia sote."

Nikatangulia. Jamani, nikatangulia!

Nilimngoja huko ng'ambo mpaka siku ya mashindano. Nilidhani mkewe anaumwa. Nilidhani Mzee anambembeleza abaki... Mitumbwi ilipopangwa, nikamwona. Alikuwa amekaa katika kiti changu cha nyuma, kafi mkononi, anatazama maji. Hakugeuza uso hata kidogo.

Tulishinda siku ile. Wenzangu wapya wakaenda kunywa rubisi huku wakiimba. Mimi nisiyekunywa pombe nikabaki ufukweni na mtumbwi mtupu.

Niliporudi nyumbani, hakuna aliyeitikia salamu yangu. Mzee Bitegeko alinipa mgongo. Nilifikiri ni hasira ya kuhama tu, itapita. Haikupita! Wanawake waliacha kununua chumvi kwa baba, wakawa wanaifuata mbali, na mizigo kichwani. Baba hakunilaumu. Alikaa mlangoni, akifukuza nzi kwenye bidhaa zake. Watu wa ng'ambo nao, walipompata mtu wao wa kuongoza mtumbwi, waliniambia kwa upole kwamba sasa wanatosha.

Kisha baba akafa...

Waislamu wachache wa huku huzikana ng'ambo, kilimani. Nikaenda nyumba kwa nyumba kuomba wapiga makafi. Huyu anaumwa mgongo, yule yuko safarini. Mwisho mimi na mama tulimbeba sisi wenyewe, tukamlaza katika mtumbwi mdogo wa kukatia matete. Mama alikipakata kichwa chake. Mimi nilipiga kafi. Ziwa nililozoea kulivuka kwa nyimbo, siku ile nilisikia pumzi yangu tu.

Baada ya maziko, Mzee Bitegeko alikuja kutupa pole. Alikaa, fimbo katikati ya magoti. Kisha akaniuliza, "Kwa nini ulisema mtumbwi wetu ni wa watumwa?"

Nikamuuliza nilimwambia nani.

"Katabazi alituletea maneno yako. Kwamba wewe ni mtoto wa pwani, huwezi tena kupiga kafi na watumwa. Alilia mbele yetu. Tukampa kiti chako."

Niliapa kwa jina la Mungu na kwa kaburi la baba. Mzee akanitazama, macho yamemjaa maji.

"Mimi nakuamini," alisema. "Lakini vijana wamekua na neno hilo. Siwezi kulitoa vifuani mwao. Kwa nini hukuja mwenyewe?"

Nikamsindikiza mpaka njiani.

Mama alimfuata baba. Mzee naye ametangulia. Katabazi bado yupo, anazeeka kwa heshima, ana wajukuu. Tukikutana njiani husalimia kama mtu asiye na deni nami. Mimi huitikia, nikapita. Niliwahi kueleza ukweli wangu sokoni... watu waliendelea kuchagua ndizi.

Wewe unayesoma, ukitaka kuwahama watu wako, hama, si dhambi. Lakini nakusihi, kawaage kwa mdomo wako mwenyewe! Usimpe mtu mwingine kinywa chako, hata kama mmechanjiana damu. Nenda, hata ukilia mbele yao. Machozi ya siku ile Mzee Bitegeko angeyafuta kwa mkono wake. Haya ya sasa hakuna hata anayejua kwamba ninayalia.