Mstari Mwekundu Kwenye Daftari la Moliehi

Moliehi alipanda kilima na ndoo ya maji, akasimama mara tatu kuvuta pumzi. Ana miaka kumi na sita. Mimi ni jirani yao na mhudumu wa afya wa kijiji. Nikampokea ndoo.

"Mama Moliehi," nilimwambia mama yake, "twende kliniki. Mtoto anahema kuliko bibi yake."

"Tukafanye nini? Si unajua bukana yake inasemaje?"

Bukana ni daftari la matibabu. Kwetu kila mtu analo nyumbani. La Moliehi lilikuwa na mstari mwekundu: asipewe penisilini. Daftari likijaa, mstari hunakiliwa kwenye jipya. Miaka kumi na miwili sasa.

Tulikwenda. Nesi Puseletso alimpima, akakunja uso.

"Ni homa ya baridi yabisi. Ilianzia kooni, ikavimbisha magoti, sasa imegusa moyo," alisema. "Ikirudi, moyo utaharibika zaidi. Kinga bora ni sindano ya penisilini kila mwezi."

"Itamuua, nesi," alisema mama yake.

"Ngoja nikuulize. Alipopewa dawa ile utotoni, alivimba midomo? Alishindwa kupumua? Alizirai?"

"Hapana. Upele tu, siku ya tatu."

"Ulitoka wapi?"

Mama Moliehi alivuta blanketi alilojitanda. Ilikuwa Juni, kwetu ni majira ya baridi, theluji iko milimani, lakini alikuwa anatoka jasho.

"Kifuani na mgongoni," alisema polepole. "Pale alipopakwa."

"Alipakwa nini?"

"Majani. Mama mkwe alimpaka ili homa ishuke. Nesi wa wakati ule aliniuliza kama kuna dawa nyingine. Mama mkwe alikuwa amekaa ubavuni pangu. Nikasema hakuna."

Nilikasirika, sifichi. Kisha nikakumbuka nilivyokuwa mimi nilipoolewa. Mkwe akiwepo, hata kukohoa unaona aibu.

"Huenda ni majani, huenda ni dawa, huenda ni homa yenyewe," alisema nesi. "Kwa maelezo haya hatari ni ndogo, kwa hiyo anaweza kupimwa hapa. Daktari anakuja Alhamisi. Angekuwa aliwahi kuvimba uso au kukosa pumzi, ningempeleka hospitali kubwa. Na msijaribu nyumbani."

Alhamisi Moliehi alimeza kidonge cha jamii ya penisilini mbele ya daktari. Sindano ya kumwokoa endapo angeshindwa kupumua ilikuwa mezani, tayari. Tuliambiwa tusubiri saa nzima.

Mama Moliehi hakuondoa macho usoni pa mwanawe. Dakika ya ishirini, Moliehi akajikuna shingo.

Mama yake akasimama. "Daktari!"

Daktari alifunua shingo, akaangalia, akasikiliza kifua.

"Blanketi linawasha, mama," Moliehi alisema. "Keti, watu wanatuangalia."

Saa ikaisha. Hakuna kilichotokea.

"Upele unaweza kuchelewa," daktari alionya. "Mwangalieni siku hizi chache. Mkiona chochote, rudini mara moja."

Kila asubuhi mama alimfunua mgongo. Siku ya tatu ndiyo iliyomtesa zaidi. Mgongo ulikuwa safi.

Wiki iliyofuata Moliehi alidungwa sindano yake ya kwanza, akatoka akichechemea, amenuna. Nesi alikata mstari mwekundu, akaandika tarehe na maneno haya: Amepimwa. Hana mzio wa penisilini.

Nyumbani bibi alisomewa maneno hayo.

"Kumbe mstari ule niliuleta mimi."

Mama Moliehi hakuwa amewahi kumjibu mkwe wake. Siku hiyo alijibu.

"Wewe ulipaka, mama. Mimi ndiye niliyeficha."

Mwaka umepita. Homa haijarudi. Moliehi bado hupumzika kilimani, lakini mara moja tu. Siku ya sindano bibi ndiye anayebeba bukana. Akifika tu, kabla hajaulizwa, humwambia nesi:

"Jana nilimpa chai ya majani yangu. Andika."