Laini ya Unga

Mnajua Annet wa Gatwekera, yule anauzanga unga kwa mlango? Huyo mwanamke ana mdomo, woi! Ukimwambia gorogoro yake, ile mkebe ya kupimia, haijai, anakutukana mpaka kuku zinakimbia. Na ni ukweli haikuwa inajaa. Alikuwa ameigonga matako na nyundo ikaingia ndani. Sisi majirani tulijua, tunacheka tu.

Sasa Jumatatu saa sita mchana, Valentine wake, mtoto wa miaka minne, akasimama katikati ya nyumba na sahani, anaangalia ukuta.

"Wee Vale, unafanya nini hapo?"

"Niko kwa laini, mama. Ya unga. Kuna watu wengi mbele."

Annet akacheka mpaka akashika mbavu. Hata mimi ningecheka.

Jumanne saa hiyo hiyo, hapo tena, amesonga hatua moja. Nyumba ikaanza kunuka mahindi yameoza. Mtoto anakula ugali ya watu wawili, anaomba ingine, na bado mbavu zinatokea. Alhamisi mabati ya ukuta ikakwaruzwa pole pole, kama mtu anakwangua sahani tupu na kucha.

"Vale," Annet akanong'ona, "wamebaki wangapi?"

"Mmoja. Ni shosho mzee. Anasema kesho nikifika, unga itakuwa imeisha."

Ndio Annet akashika kipande ya shaba yenye babake alikuwa amemvalisha mtoto kwa shingo, ina shimo na namba 47. Ilikuwa baridi kama maiti.

"Boaz! Hii ulitoa wapi?"

Bwanake, mtu wa kazi ya mjengo, akaangalia chini. Alikuwa anachimba choo Kawangware, kwa ploti ya mama mzee anaitwa Waruguru, akaipata kwa udongo. Alisikia kuna watu wananunua vitu za kitambo, sasa akingoja mnunuzi akamfungia mtoto na uzi.

"Ilikuwa kwa mifupa ya mkono," akasema. "Nikajiambia ni mbuzi."

"Mbuzi ya vidole, Boaz?"

Wakambeba mtoto mbio Kawangware. Waruguru alikataa hata kuigusa.

"Hiyo ni ya njaa ya mkoloni," akasema. "Ulikuwa unavaa kwa shingo, unapanga laini, unapimiwa unga yako. Shosho yangu alisema kuna mama mmoja alifika mbele, unga ikaisha, wakafunga, akafa hapo na njaa. Hilo jini halitaki maombi, mama. Linataka chakula. Kesho mpimie gorogoro moja, ijae."

Ijumaa saa sita mtoto akasimama pua ikigusa ukuta, na Annet akachota unga na ile gorogoro yake ya siku zote, akasawazisha juu na kiganja vile amezoea, akamwagia kwa sahani huku Boaz anaomba na macho imefungwa, na ile kukwaruza ikanyamaza, na ile harufu ikapotea, na wote wawili wakapumua, mpaka Valentine akachukua gorogoro tupu, akaingiza mkono, akapapasa pale nyundo ilipiga.

"Annet," akasema na sauti ya yule shosho. "Haijajaa."

Annet akamwaga gunia yote chini.

"Mama," Vale akalia, sasa kwa sauti yake, "wamefunga."

Sahani ikaanguka. Mtoto tulimzika kwao Webuye.

Siku hizi Annet amenunua gorogoro mpya, anapima mpaka inamwagika. Kila saa sita anaweka sahani moja kwa ukuta, anatoka nje. Mimi naishi upande ule mwingine wa hiyo mabati. Nasikia mikono miwili ikikwangua.

Mmoja ni mdogo.