Flashi ya Edina

Siku Edina alipoitua laptopu yake mezani kwa Mansuetus, fundi kompyuta, stendi ya Mbinga ilikuwa haisikilizani kwa kelele za makonda wa Songea. Alivaa gauni la kitenge cha njano na sandali, akitetemeka kwa baridi ya Mbinga. Yeye, mwalimu wa Lundo, alizoea joto la ziwani.

"Kaka, imegoma kuwaka."

"Hii ni ya kupiga Windows tu, dada. Na huo uzuri, fundi wake nani?"

"Fanya kazi, wewe!" Akacheka, naye fundi akapotea mapenzini hapohapo.

Kufikia mavuno ya kahawa, Mansuetus alikwishampata mshenga, mzee Bartholomayo, aende Lundo Jumapili kupeleka posa. Edina alikuwa amemwachia flashi yake amwekee nyimbo za kwaya.

"Humo kuna faili moja, mpenzi. Usilifungue."

"Siri?"

"Utaijua siku yake."

Alhamisi paroko wa Mapera akaleta kompyuta ya parokia. Flashi ya kazi ilikuwa imekufa, Mansuetus akachomeka ya Edina aigeuze iwe ya kuwashia mashine. Akaliona faili, la sauti, limeandikwa: KWA MUME WANGU.

Mume gani? Wivu ukampanda. Fundi yeyote huhamisha kwanza vitu vya mteja, kazi ya dakika moja. Programu nayo ilimwonya kwamba vyote vitafutika, aendelee?

"Potelea mbali," akasema, akabonyeza ndiyo.

Kompyuta ya paroko ikawaka vizuri kabisa. Jioni Edina akapiga simu.

"Laazizi, nyimbo tayari?"

"Huyo mume wako ni nani?"

"Umelifungua?"

"Nimelifuta."



"Mansu, ile ni sauti ya mama. Alijirekodi hospitali, wiki aliyofariki. Ni maneno ya kumpokea atakayenioa. Hata mimi alinikataza kusikiliza, mpaka siku ya posa, tusikilize wote wawili."

Siku mbili Mansuetus alihangaika na kila programu ya kurudisha mafaili. Hakuambulia hata kikohozi cha mama wa watu. Alilia, mwanaume mzima, mbele ya wateja.

Jumamosi akapiga.

"Nisamehe, Edina. Mzee Bartholomayo yuko tayari kesho."

"Nimekusamehe. Nakupenda bado, Mungu ananiona. Lakini usimtume. Akipiga hodi kwetu, aliyekuwa amwambie karibu ni mama."