Mkono Mzima Ndani ya Plasta

Ukumbi wa kusubiri wa kliniki ya mifupa si mahali pa mtu kwenda kutafuta mapenzi. Watu wamebanana kwenye mabenchi, huyu ana gongo, yule shingo haigeuki, na nesi anaita majina kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu jana. Lakini mapenzi nayo hayana adabu, huja yanapotaka.

Kijana alikuwa anampitisha mama yake katikati ya miguu ya watu. Mama alikuwa ameteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Kijana alibeba mkoba wa mama, viatu vya mama na chupa ya maji ya mama, na kwa kutotazama anakokwenda akampiga kumbo msichana aliyekaa mwisho wa benchi. Mkoba wa msichana ukaanguka, vitu vikatawanyika.

"Jamani, pole! Nimekuumiza mkono?"

"Hata hujaugusa," msichana akajibu, akiokota kalamu zake kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya plasta ngumu ya jasi, kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko. Alivaa gauni la bluu ambalo mkono mmoja ulikuwa umekatwa kwa mkasi ili plasta ipite. Nywele zake nyingi zilikuwa zimesimama kila upande.

Kijana akaokota vilivyobaki, akakaa karibu naye, akajizuia, ikamshinda.

"Dada, naomba nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza, halafu nitaamua."

"Hizo nywele zimekukosea nini?"

Mama yake akamchapa paja kwa mkono mzima. "We mtoto! Adabu umeiacha wapi?"

"Mama, si ndiyo kazi yangu? Fundi magari akiona gari linatoa moshi atanyamaza?"

"Kwa hiyo mimi natoa moshi," msichana akasema.

"Mwingi tu."

Akacheka hadi nesi akawageukia. Kijana akamweleza kwamba ana saluni mtaa wa nyuma, mlango wa kijani, ananyoa na kuosha. Mkono mmoja hauwezi kuosha nywele nyingi kama zile. Aje jioni, hatamtoza kitu, ni kuomba radhi kwa lile kumbo.

Sasa nikwambie jambo ambalo kijana hakulijua. Mkono ule haukuwa na hata mkwaruzo.

Msichana alisoma uhandisi chuoni, tena katika kundi la wale wanafunzi wa alama za juu ambao wenzao waliwaita Vichwa. Muhula ule mhadhiri wao alikuwa amefunga vitabu. "Mmesoma vya kutosha," aliwaambia. "Nataka mnibunie kifaa cha mgonjwa mwenye mkono mmoja. Kwanza mkaishi na mkono mmoja." Akawapeleka hospitali wakafungwa plasta wote, wakapangishwa foleni kama wagonjwa wengine. Sharti lilikuwa moja: mtu yeyote asiambiwe, maana watu wakijua ni mazoezi watawacheka badala ya kuwasaidia, na somo litakuwa limekufa. Mwisho wa muhula kila mmoja angesimama mbele ya darasa na wagonjwa walioalikwa, aonyeshe kifaa chake, aeleze pia nani alimsaidia na alijisikiaje kusaidiwa. Anayeshindwa anatoka kundi la Vichwa, anarudi darasa la kawaida.

Alikwenda saluni jioni ileile. Alilaza kichwa kwenye sinki, maji ya uvuguvugu yakapita, vidole vya kinyozi vikaanza nyuma ya masikio na kupanda taratibu. Kabla ya shampuu kuisha alikuwa amesinzia mdomo wazi.

"Dada, umefika."

"Nimefika wapi?"

"Popote ulipokuwa unakwenda. Ulikuwa unakoroma."

"Muongo mkubwa wewe!"

Akarudi tena. Halafu akarudi bila nywele kuwa chafu. Kinyozi akaacha kumwita dada, simu zikaanza kupigwa asubuhi kabla ya mswaki.

"Umelalaje, mpenzi?"

"Ubavu mmoja, kama kawaida."

"Plasta inawasha?"

"Kama imetiwa upupu."

"Vumilia. Ikitoka nitakupeleka mahali ukapige makofi hadi uchoke."

Msichana alijaribu kumwambia ukweli zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza mteja akaingia. Mara nyingine kinyozi akawa anamkausha kwa taulo, akimwimbia vibaya wimbo asioujua maneno, na yeye akaona aah, kesho. Alisingizia sharti la mhadhiri. Hakuwa anaogopa mhadhiri hata kidogo, ila hilo alilijua moyoni tu.

Mama naye alimpenda. Wakikutana saluni walilinganisha taabu zao: kifuniko cha chupa, zipu, ndoo. "Nakuombea, mwanangu," alimwambia siku moja. "Kila nikiombea mkono wangu, wako nautanguliza." Msichana akaitikia "asante mama," akainamisha macho kwenye plasta yake.

Siku ya kutolewa plasta Vichwa wote waliitwa pamoja. Msumeno mdogo ulinguruma, vumbi jeupe likaruka, na kila plasta ikipasuka walishangilia. Msichana alipotolewa yake aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa akapiga makofi. Pazia likafunguliwa. Kinyozi alikuwa amesimama pale na mama yake, wameleta mkono wa mama uangaliwe.

"Umepona," kinyozi akasema kwa furaha. "Hukuniambia ni leo!"

"Apone nini?" mwanafunzi mmoja akadakia akicheka. "Haukuvunjika huo! Wote wazima sisi, tulikuwa kwenye somo."

Mama akautazama mkono wa msichana, akautazama wake.

"Mwanangu, haukuvunjika?"

"Hapana, mama."

"Na maombi yangu yote yale?"

Kinyozi alimshika mama yake bega, akamgeuza polepole. "Twende, mama. Kumbe mimi nilikuwa somo."

Simu zikapigwa zikakatwa. Msichana alipita mlango wa kijani, akamwona anamnyoa mzee mmoja, akakosa ujasiri wa kuingia. Mwishowe jioni moja simu ikapokelewa.

"Unataka nini?"

"Kuomba msamaha."

"Msamaha wa kweli au wa mazoezi?"

"Wa kweli."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Tulikatazwa."

"Na huo mdomo ni wa mwalimu wako?"

Akavuta pumzi. "Si hilo tu. Niliogopa ukijua mkono ni mzima utaniambia nikaoshe nywele zangu mwenyewe."

"Ningekwambia hivyo hivyo," kinyozi akasema. "Halafu ningekuosha." Sauti ikabadilika. "Lakini mama amepewa mwaliko wa maonyesho yenu: utasimama mbele ya wenzako uwasimulie kinyozi alivyoingizwa mkenge, akupe maji moto bure na kukuita mpenzi. Mtacheka, mtapata alama. Sitaki kuwa alama ya mtu." Akakata.

Kinyozi alimpenda bado, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Siku ya maonyesho mama alikuwa miongoni mwa wagonjwa walioalikwa. Kinyozi alimsindikiza kwa sababu mama alikataa kwenda peke yake, akabaki amesimama mlangoni, mikono kifuani, uso umekunjwa.

Msichana alipanda jukwaani na suruali nyeusi na blauzi ya kijani, nywele zimefungwa kitambaa. Kifaa chake kilikuwa kibanio kinachofungwa ukingoni mwa meza, kinashika chupa au kopo ili mkono mmoja uzungushe kifuniko. Mama aliitwa ajaribu. Chupa ikafunguka mara ya kwanza.

"Kinafanya kazi," mama akatangaza, kama asiyetaka kusifu.

Mhadhiri akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa nusu ya pili. Nywele zako zilikuwa safi muhula mzima, wote tuliona. Uliziosha vipi? Nani alikusaidia, na ulijisikiaje?"

Msichana akamwona kinyozi mlangoni. Alikuwa na kisa kizuri kuliko vyote vilivyosimuliwa siku ile, na alijua ukumbi ungeyeyuka.

"Hilo sitalisema, mwalimu."

"Ni nusu ya alama."

"Najua."

"Bila hiyo nusu unarudi darasa la kawaida. Umefikiria?"

"Nimefikiria. Mengine yote niliishi kwa ajili ya somo. Hilo lilikuwa langu."

Akaweka kipaza sauti mezani. Watu wakaanza kunong'ona. Alikuwa anashuka ngazi, machozi yamemjaa, sauti ikatoka nyuma.

"Nilimuosha mimi!"

Ukumbi mzima ukageuka. Kinyozi mwenyewe alionekana kushangaa kwamba amesema.

"Alinidanganya mkono, na hasira yangu bado haijaisha," akaendelea, akija mbele. "Lakini nilimuosha kwa kupenda. Haya, nimesema mwenyewe, mpe alama zake."

"Na wewe ni nani wake?" mhadhiri akauliza.

Kinyozi akamtazama mama yake. Mama akatazama dari.

"Mume wake," akasema. "Akinikubali."

Kelele zilizozuka hapo hazikuwahi kusikika katika somo la uhandisi. Msichana alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Unasema kweli?" akauliza.

"Wewe ndiye wa kuulizwa swali hilo, si mimi!"

"Kweli," akajibu, akicheka na kulia. "Nimekubali. Kweli kabisa."

Mhadhiri alishika kalamu. "Basi niandike. Alisaidiwa na—"

"Usiandike, mwalimu," msichana akamkatiza. "Bado ni langu."

Mhadhiri akaifunga kalamu. Sheria ni sheria, akarudishwa darasa la kawaida, na watu wakasema alikuwa mjinga. Huko alikaa dirishani, pembeni ya wanafunzi ambao hawakumwita Kichwa, akapiga simu kabla ya kipindi kuanza.

"Umelalaje, mume wangu mtarajiwa?"

"Vizuri. Mama anauliza unakuja kula saa ngapi."