Michungwa Iliyong'olewa Bigwa

Bwana George alikutwa amelala kifudifudi ndani ya shimo jipya la choo, nyuma ya nyumba yake ya Bigwa, kisogo kimebonyea. Mkewe, Jesca, ndiye aliyemwona aliporudi alfajiri kutoka msibani Mlali. Yowe lake liliamsha mtaa mzima.

Inspekta Semeni alipofika, ndoo zilikuwa zimeshapanga foleni kwenye bomba la uani. Tangu soko huria liingie, nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo la majirani: bomba, grosari, mashine ya kusaga. Kifo hakikuwakata watu kiu.

"Muuaji tunaye, afande," alisema Koplo Abuu. "Salimu, mtunza bustani. Juzi marehemu alimzaba kofi mbele za watu, na jembe lake lina damu. Mkuu anataka jalada leo leo."

"Amekiri?"

"Atakiri tu. Tumembana vizuri."

Semeni alijua kubanwa huko kunavyovunja mbavu, na kwamba mwisho wake ni kitanzi. Akazunguka ua peke yake. Miche ya michungwa ilikuwa imeng'olewa, mizizi juu. Mahindi na mchicha vilivyopandwa katikati yake havikuguswa hata jani. Tena ung'oaji ulikoma ghafla katikati ya ua. Ng'ambo ya pili michungwa ilisimama kama kawaida.

"Koplo, Salimu kwao wapi?"

"Singida."

"Atajuaje mambo yetu Waluguru wa huku? Mgeni akilima mahindi kwenye ardhi yetu, tunamwacha, akishavuna, anaondoka. Akipanda mti, ameichukua ardhi. Aliyeng'oa miche hii ni Mluguru, na anaujua mpaka wa ukoo wake."

Abuu alicheka. "Kwa hiyo mchungwa ndiye shahidi? Tutauapisha kwa kitabu gani, afande?"

"Cheka. Kisha niitie waliokuwa na ardhi hii."

Mansuri, aliyeuza upande huo wa kiwanja, alikuwa Turiani wiki nzima akikata miwa. Akaja dada yake, Bi Pili, ndoo kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ardhi ya ukoo wenu iliishia wapi?"

"Sikumbuki." Lakini macho yalimtoroka, yakatua palepale ung'oaji ulipokoma.

"Mbona viganja vina malengelenge?"

"Ya kutwanga."

"Na mashine ya kusaga iko mlangoni pako?"

Bi Pili alikunja viganja.

"Mama, Salimu yuko mahabusu, mbavu zimevunjika. Atanyongwa."

Bi Pili alitua ndoo chini, taratibu, maji yasimwagike.

"Mwacheni mtoto wa watu. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kaka aliuza bila kuniuliza, nikanyamaza. Huyu akapanda miti, nikanyamaza. Akachimba choo kwenye kaburi la mama yangu! Jana magharibi nikamfuata, nikamwomba mifupa nikaizike upya. Alikuwa shimoni, akanicheka. 'Mifupa haina hatimiliki, bibi. Nimeshaitupa jalalani.' Akanipa kisogo. Jembe lilikuwa karibu." Akageukia michungwa. "Kisha nikang'oa miti yake upande wetu. Ule mwingine ni wa ukoo wa watu. Sikuugusa."

Semeni alimtuma Abuu akamfungue Salimu na kumpeleka hospitali. Mwenyewe akatoa pingu. Bi Pili alinyoosha mikono bila kuambiwa.

"Mkishaninyonga, mwanangu," aliuliza, "mtanizika wapi?"