Vitambaa vya Viota vya Panya Vilivyoniponza

Nina miaka hamsini na moja, ni mjane, na shule niliishia darasa la nne. Naandika haya nikiwa Ilemela, kwenye chumba cha kupanga huku juu kwenye mawe. Mpaka leo nikisikia watu wengi wanaongea kwa pamoja nje, nafunga mlango kwa komeo... Wasomaji wenzangu, mnivumilie mwandiko. Majina nitayataja, maana la kwangu lilitajwa mbele ya watu na hakuna aliyeona aibu.

Marehemu mume wangu aliniacha kijijini Usagara na watoto, ambao sasa wana miji yao, na kiwanja chenye nyumba ya vyumba viwili. Nikapata kazi mjini Mwanza, kwenye kituo kimoja cha utafiti. Kazi yenyewe kulea panya. Ndiyo, panya. Siyo hawa wanaotumalizia mahindi. Hawa ni wadogo, weupe, macho mekundu, wanakaa kwenye vizimba vya plastiki, na madaktari wanajaribia kwao dawa kabla hazijaletwa kwetu sisi.

Mwanzoni nilicheka. Panya naye wa kulelewa? Lakini ukikaa nao unaona. Panya ukimweka kwenye kizimba kitupu, anaishi kwa hofu mchana kutwa. Ni mnyama wa kujificha, sasa amenyimwa pa kujificha. Atatafuna waya, atamnyofoa mwenzake manyoya, na mama mzazi anaweza kuwala watoto wake mwenyewe. Mpe kitu laini ajenge kiota, mpe na kiboksi cha kuingia, utamwona anatulia. Na humnyanyui kwa mkia. Unamkinga kwa viganja viwili, polepole, mpaka akuzoee. Kama wataumwa kwa ajili yetu, basi angalau walale vizuri. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najisemea kila nikiwabadilishia maranda ya mbao wanayolalia.

Msimamizi wetu alikuwa anaitwa Faustine. Karatasi laini za kujengea viota zilikuwa zinaisha hovyo, basi akaniambia, "Mama Kulwa, huko kwenu hakuna mafundi cherehani? Tuletee vipande vya pamba. Visiwe na nyuzi ndefu tu, zinawafunga miguu."

Nikawa napita kwa fundi Milembe pale njia panda, nazoa mabaki ya vitenge sakafuni. Nachambua, nakata vipande vidogo vidogo, nachemsha, naanika. Panya walikuwa wanavipenda... Ukirudi asubuhi unakuta wamejizungushia kitenge, wamelala kama wako harusini.

Faustine huyo huyo alinionya. Habari za panya ziishie getini, maana watu wakisikia watasema tunafuga tauni. Nikatii. Majirani niliwaambia nafanya usafi. Ukweli nilimwambia mtu mmoja tu, wifi yangu Specioza, dada wa marehemu. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Wifi, yaani panya wanatandikiwa vitenge na mimi nalalia mkeka? Niombee na mimi nafasi ya upanya."

Sasa ninyi wa kanda yetu mnajua kitambaa cha nguo ya mtu kina maana gani. Kikiwa mikononi mwa mtu asiyeeleweka, mwenye nguo hapati usingizi. Na mimi macho yangu ni mekundu. Ni moshi wa kuni wa miaka yote, na ule mkojo wa panya unaochoma macho maranda yakichelewa kubadilishwa. Mjane, umri huu, macho hayo, anaokota vipande vya nguo za watu... Jumlisheni wenyewe. Mimi sikujumlisha.

Jirani yangu Mama Shija alishonewa na fundi Milembe gauni la kitenge cha njano chenye ndege. Wiki hiyo hiyo mtoto wake akashikwa na degedege. Akaja kwangu kuomba chumvi, akakuta kitenge chake kimeanikwa kwenye kamba yangu, kimekatwa vipande. Alisimama pale. Akageuka akaenda zake, na chumvi akaiacha. Angeniuliza tu, wapendwa! Badala yake akaenda kumuuliza Specioza.

Sijui wifi alimjibu nini. Ninachojua ni kwamba kesho yake niliitwa ofisi ya kijiji, na nilipofika nikakuta walinzi wa kijiji, sungusungu, na umati uwanjani. Watu niliokuwa nazika nao. Watu wa kwaya yangu. Hakuna aliyeitikia salamu yangu.

Kamanda wa sungusungu akanyoosha kipande cha kile kitambaa cha njano, kimetolewa kambani kwangu. "Mama Kulwa, nguo ya mwenzio unaitakia nini?"

Nikamjibu ni ya viota vya panya, huko kazini. Wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Panya wa siku hizi wanavaa vitenge? Mbona kanisani hatuwaoni?" Wakacheka tena, huku wakisogea karibu.

Nikasema muulizeni wifi yangu, yeye nilimwambia kila kitu. Specioza akajitengeneza khanga, akaangalia chini. "Mimi najua anafanya usafi. Hizo habari za panya ndiyo nazisikia leo."

Nikamsihi mtendaji wa kijiji, dada mmoja kijana, ampigie Faustine. Akapiga, akaiweka spika watu wote wasikie. Nikajiambia, haya, sasa nimepona...

"Panya?" Faustine akasema. "Hapana, sisi hapa hatuna panya. Huyo mama ni wa usafi tu." Simu ikakatwa.

Jiwe la kwanza lilinipata begani. Mtendaji alinivuta kwa mkono, akanisukuma ndani ya ofisi, akafunga mlango kwa ufunguo, yeye akabaki mlangoni anawasihi. Mle ndani kulikuwa na meza na viti viwili, basi. Mawe yanalia kwenye bati. Nikazunguka kile chumba natafuta kona ya kuingia, hakuna. Nikajikunyata chini ya meza, nikavuta kiti mbele yangu. Nilijikojolea, sioni haya kusema. Nje nilikuwa nasikia sauti ya mtu niliyemfahamu kabisa, mtu niliyemsaidia uzazi wa mke wake, anauliza kama kuna mwenye kiberiti.

Polisi walifika wakanitoa, mmoja kanifunika kichwa kwa koti lake. Tulipopita njia panda niliuona moshi upande wa kwangu. Sikuuliza.

Baadaye polisi walikwenda kule kituo cha utafiti wakavikuta vizimba, na ndege wa kitenge cha Mama Shija wako mle, fungu nililotangulia kupeleka, wamejengewa viota. Nilimuuliza Faustine kwa nini alinikana. Akasema, "Ningesemaje, mama? Wangekuja kutuvamia na sisi." Hivyo ndivyo alivyonijibu, amekaa kwenye kiti chake.

Mtoto wa Mama Shija alipona. Ilikuwa malaria, zahanati walimtibu. Nikajua sasa nitarudi kwangu. Mtendaji akaitisha mkutano, akawaeleza kila kitu, panya, viota, polisi walichokiona. Mnajua walijibu nini? Walisema, si tulijua! Kumbe panya wa uchawi anao kweli, tena weupe, tena macho mekundu kama ya kwake!

Basi. Ukweli ule ule ambao ungeniokoa ningeusema mapema, sasa ndio umenifungia njia. Kiwanja, pale nyumba ilipoungua, anakilima Specioza, mihogo yake imestawi kweli.

Ndugu zangu wasomaji, kazi inayokulisha wajulishe majirani zako mapema, wakiwa bado wanakupenda. Bosi akikwambia uifiche, jua siku ya mawe hatakuwepo. Na wewe ukimwona mama wa watu anaokota kitu usichokielewa, nakuomba, nakupigia magoti, usiende kwa wifi yake. Nenda kwake. Kaa kwenye kigoda chake umuulize, "Mama, hivi ni vya nini?"

Mimi ningekujibu. Ningekuonyesha hata wanavyolala.