Jani Lililowahi Kupata Joto

"Msumari, funga maji."

Amri ya Shangazi ilisikika kwenye kifaa cha sikioni. Mkuu huyo wa idara ya upelelezi hakuwa na mpwa hata mmoja. Jina lilikuwa la kazi.

Msumari akafunga koki. Ndani ya kitalu cha nailoni, maelfu ya miche ya mahindi ilifanana kama wanafunzi kwenye paredi. Mmoja tu ulikuwa wa wizi: mche wa mwisho wa kustahimili ukame, kazi ya ujana wote wa dada yake. Mbegu nyingine majangili walizichoma, ili huu wauuze kwa bei wanayotaka.

Malori yao yalishaingia getini.

"Dada," Msumari akamuuliza kwenye laini hiyo hiyo, "naujuaje?"

"Washa hita. Mizizi yake ikihisi kiu, inapeleka habari juu. Seli zinafunga vitundu vya jani. Likiacha kutoa jasho, linapata joto kabla ya wenzake."

"Na hii mingine?"

"Kama wewe na mshahara. Itashtuka umekwisha."

"Wetu utavumilia hita?"



"Umeteseka sana ndani ya mabegi ya watu. Huenda usivumilie. Lakini wakiondoka nao, ndiyo basi. Washa, kaka."

Akawasha.

Kamera ya joto ilionyesha bluu. Bluu. Bluu tupu.

Kisha doa jekundu, safu ya nyuma, kando ya ndoo.

Alipoinua kikopo cha mche huo, mlango ulifunguka. Majangili wakaingia, bastola ya Glock ya wa mbele ikamtazama.

"Weka chini, bwana mkubwa."

"Kimoja tu, jamani. Hivi vingine vyote nawaachia."

Msumari akapiga teke hita, umeme ukapiga shoti. Taa zikazimika. Risasi ikatoboa ndoo. Kisu cha Msumari kikapasua nailoni, naye akawa nje.

"Shangazi, wote wamo ndani."

"Askari wameshawazunguka. Kazi nzuri."

Msumari alipiga magoti nyuma ya ukuta.

"Dada."

"Nipo. Jani limejikunja?"

Lingejikunja, lingekuwa bado linajilinda.

"Limelegea."

"Shina je?"

"Nalo."

Alisikia kiti kikivutwa, mtu akikaa.

"Basi seli zilifanya kazi yake," dada akasema. "Upe maji hivyo hivyo."

Akafungua chupa yake ya kunywa, akaimimina yote kwenye kikopo. Udongo ukanywa. Jani halikuinuka.

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akakumbatia kikopo, akatembea kuelekea barabarani bila haraka.